Kabla ya Kumlaumu Jirani, Tazama Mishipa ya Shingo

Ndugu msomaji, mtu akivimba tumbo, na miguu yake ikijaa maji, na mikono yake ikikonda kama vijiti, watu wa kwetu huuliza ulizo moja: «Ni nani aliyemfanyia hivi?» Nataka kusema nawe juu ya ulizo hilo, kwa sababu nimeliona likivunja jamaa huku mgonjwa akizidi kudhoofika kitandani. Shauri langu ni fupi. Kabla hujauliza ni nani, tazama shingo ya mgonjwa.

Sisemi neno hili kama mtu asiyekosa. Sikia kwanza kosa langu mwenyewe.

Kijana aliyebebwa kwa kipoyi

Miaka michache iliyopita watu 4 walimbeba kijana mmoja kwa kipoyi toka kijiji cha mlimani mpaka kituo cha afya nilipokuwa nikifanya kazi ya uuguzi. Alikuwa na miaka 24, mlimaji wa maharagi na viazi, baba wa mtoto mmoja. Tumbo lake lilikuwa kubwa kama la mwanamke aliye karibu kuzaa. Nilipobonyeza mguu wake kwa kidole, shimo lilibaki. Hakukohoa. Alikuwa na homa kidogo jioni, na usiku alitoa jasho mpaka shuka likalowa. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mgongo wake ukiegemea ukuta.

Jamaa yake walikuwa na jibu tayari. Walisema amelishwa sumu katika pombe, siku ya matanga ya babu yake. Aliyemimina pombe ile alikuwa shangazi yake, mjane mzee, asiye na mtoto wa kumtetea. Kabla hawajamleta kijana kwetu walikuwa wamekwisha kwenda kwa mfumu na kutoa mbuzi 2. Shangazi alikuwa amefukuzwa, na nyumba yake imebomolewa.

Nami nilifanya nini? Nilitia sindano tumboni, nikatoa maji lita 5. Kijana akapumua vizuri, jamaa wakafurahi, wakaenda naye nyumbani. Baada ya majuma 3 wakarudi, tumbo limejaa tena. Nikatoa tena. Mara ya tatu vilevile. Nilimpa na dawa ya kukojoza. Nilidhani ni ini. Kila mara alirudi amekonda kuliko mara iliyotangulia, kwa maana maji yale hayakuwa maji matupu; yalikuwa na chakula cha mwili ndani yake, nami nilikuwa nikikimwaga katika ndoo.

Mwisho nilimtuma kwenye hospitali kubwa. Huko, msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi, alipokuwa akimwosha, aliuliza: «Kwa nini mishipa ya shingo yake imesimama hivi, naye ameketi?» Munganga akaja, akatazama, akasikiliza moyo, akaweka chombo cha ekografi juu ya kifua. Moyo ulikuwa ukipiga katikati ya maji. Ugonjwa haukuanza tumboni. Ulianza katika kifuko cha moyo.

Mishipa ile ilikuwa imesimama vilevile siku nilipomwona kijana mara ya kwanza. Mimi nilitazama tumbo, kwa sababu tumbo ndilo lililokuwa kubwa. Jamaa walimtazama shangazi, kwa sababu hakuwa na wa kumtetea. Kosa letu lilikuwa moja: tulishika alama, tukaacha ugonjwa.

Kifuko cha moyo ni nini?

Kama umechinja mbuzi, umekwisha kukiona. Moyo haukukaa wazi katika kifua. Umefunikwa na mfuko mwembamba wenye nguvu, nao moyo unateleza ndani yake. Mfuko huo una ngozi mbili, na katikati ya ngozi hizo mna maji kidogo sana, toka mililita 15 mpaka 50, yaani vijiko vichache tu. Maji hayo ni kama mafuta katika mashini. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kila siku. Pasipo maji hayo ungesuguana na kuchubuka.

Kifuko hiki chaweza kuugua. Umeona kidole kilichochomwa na mwiba: kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinauma, kinavimba, na mwisho kinatoa maji au usaha. Kifuko cha moyo hufanya vilevile kikiingiwa na ugonjwa. Wanganga huita jambo hilo perikarditi. Lina sura tatu. Mgonjwa mwingine hupita katika zote, mwingine huona moja tu.

1. Kifuko chenye maumivu. Ngozi mbili zimevimba, zinasuguana. Mgonjwa anasikia maumivu makali katikati ya kifua, kama kuchomwa kisu. Mara nyingine yanapanda mpaka bega la kushoto. Yanazidi akivuta pumzi nyingi au akilala chali. Yanapungua akiketi na kuinama mbele. Kumbuka alama hii, kwa maana ni ya kufaa sana: mgonjwa mwenyewe huonyesha ugonjwa kwa jinsi anavyoketi. Munganga akisikiliza aweza kusikia sauti ya kukwaruza, kama viatu vipya vya ngozi vinavyolia mtu akitembea.

2. Kifuko chenye maji. Maji yanaongezeka, ngozi zinatengana, na mara nyingi maumivu yanapungua. Watu hudhani mgonjwa anapona. Sivyo. Maji yakiongezeka polepole, kifuko kinatanuka, chaweza kushika lita 1 au zaidi. Katika picha ya radio kivuli cha moyo kinaonekana kipana chini kama kibuyu. Lakini maji yakiingia kwa haraka, hata mililita 200 zaweza kuua, kwa sababu kifuko hakikupata wakati wa kutanuka, nacho kinaukaba moyo.

3. Kifuko kigumu. Baada ya miezi au miaka kifuko kinakauka na kuwa kinene. Wajua ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani: ilikuwa laini, sasa ukiipiga inalia kama ngoma. Fikiri moyo uliofungwa ndani ya ngozi ya namna hiyo. Nyama ya moyo yaweza kuwa na nguvu bado, lakini haina nafasi ya kufunguka na kupokea damu.

Kwa nini tumbo na miguu vinajaa?

Gogo likianguka katika mto na kuuziba, maji hayajai penye gogo tu. Yanarudi nyuma, yanafurika mashamba ya upande wa juu. Mwenye shamba aliye mbali na gogo anaona maharagi yake yameoza, naye hajui sababu.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Damu yote iliyotumika inarudi moyoni kwa mishipa mikubwa. Moyo uliokabwa hauwezi kuipokea yote. Damu inarudi nyuma: ini linavimba na kuuma chini ya mbavu za kuume, maji yanavuja ndani ya tumbo, na miguu inavimba. Kutoa maji ya tumbo na kuacha moyo umekabwa ni kuteka maji ya shambani kwa ndoo na kuliacha gogo mtoni. Kesho shamba limejaa tena.

Sasa utaelewa kwa nini nasema tutazame shingo. Mishipa ya shingo iko karibu kabisa na moyo, nayo haina kizuizi kikubwa kati yao. Moyo ukishindwa kupokea damu, mishipa hiyo huonyesha.

Fanya hivi. Mlaze mgonjwa ameegemea mito, kati ya kulala na kuketi. Ageuze uso kidogo upande wa kushoto. Tazama upande wa kuume wa shingo penye mwanga mzuri. Kwa mtu mzima wa afya aliyekaa hivyo, mshipa hauonekani umejaa, au unaonekana kidogo tu juu ya mfupa wa bega. Ukiona umejaa mpaka karibu na taya, ujue moyo unashindwa kupokea damu. Ukiona unazidi kujaa anapovuta pumzi, fikiri juu ya kifuko kigumu. Adolf Kussmaul, munganga wa Ujeremani, aliandika habari ya alama hii katika mwaka 1873, wakati ambapo hapakuwa na radio wala ekografi. Alikuwa na macho na vidole. Sisi nasi tunavyo.

Sisemi kwamba kila shingo ya namna hii ni kifuko. Moyo wenyewe waweza kuwa dhaifu, au milango yake kuharibika. Tena si kila tumbo la maji latoka moyoni. Katika ugonjwa wa ini peke yake mishipa ya shingo kwa kawaida haikujaa. Katika ugonjwa wa figo uso huvimba asubuhi, na kipimo cha mkojo huonyesha. Mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili naye huvimba. Lakini tazama: kutazama shingo ni kazi ya dakika 2, hakuna gharama, nako kunaonyesha njia ya kufuata.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Katika inchi za Ulaya na Amerika mara nyingi unatoka kwa virusi, vijidudu vidogo kabisa kama vile vya mafua. Mtu anaumwa kifua majuma machache, anapona. Kwetu pia hutokea hivyo. Vijidudu vya usaha vyaweza kuingia, hasa kwa mtoto aliyekuwa na ugonjwa mkali wa mapafu au jipu kubwa. Hapo hatari ni kubwa na ya haraka. Figo zikishindwa kazi kifuko huvimba. Kansa yaweza kufika huko. Homa ya viungo inayoharibu moyo wa watoto nayo hugusa kifuko mara nyingine.

Lakini katika Afrika yetu, mtu akiwa na maji mengi katika kifuko kwa majuma mengi, pamoja na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda, sababu ya kwanza ya kufikiri ni kifua kikuu. Watu wengi hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu peke yake, na asiyekohoa hana. Si kweli. Vijidudu vyake vyaweza kusafiri katika damu, au kutoka katika tezi zilizo karibu na moyo, vikaingia katika kifuko. Mwenye virusi vya sida yu katika hatari zaidi, kwa kuwa nguvu za mwili wake za kupigana zimepungua. Kwa hiyo kila mwenye ugonjwa huu apimwe na sida, si kwa kumwaibisha, bali kwa kumpa dawa zote anazohitaji. Kongo imo katika hesabu ya inchi 30 ambazo Shirika la Afya la Ulimwengu linazihesabu kuwa na kifua kikuu kwa wingi. Basi ugonjwa huu si mgeni kwetu. Umo nyumbani.

Wazee hawakuwa wajinga

Vijana waliosoma hucheka wazee wanaposema «sumu». Mimi sicheki. Zamani, kabla ya dawa, watu 10 wakipata kifua kikuu cha kifuko cha moyo, 8 au zaidi walikufa. Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, lakini kukijua si kukiua. Streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu, ilipatikana katika mwaka 1943. Isoniazidi ilianza kutumiwa katika mwaka 1952. Mbele ya hapo munganga wa Ulaya na mfumu wa kijiji walisimama sawasawa mbele ya mgonjwa huyu: wote wawili waliona tumbo likijaa, wote wawili walimzika. Wazee waliona kijana mwenye nguvu anakufa polepole, bila kidonda, bila kikohozi, na hakuna aliyeweza kuwaambia sababu. Si ajabu waliitafuta kwa jirani.

Lakini sisi tuna sababu, na tuna dawa. Tukiendelea kulaumu jirani leo, hatuwafuati wazee. Wao hawakuwa na njia nyingine.

Dawa na subira

Ugonjwa unaotoka kwa virusi hutibiwa kwa kupumzika na dawa za kupunguza uvimbe, kama aspirini au ibuprofeni, pamoja na chakula, kwa amri ya munganga. Mtoto asipewe aspirini ovyo. Siku hizi wanganga huongeza kolshisini kwa miezi 3, kwa maana imeonekana kwamba inapunguza sana kurudi kwa ugonjwa. Mgonjwa asilime, asibebe mizigo, asicheze mpira, mpaka maumivu na homa vimekwisha kabisa.

Kifua kikuu cha kifuko hutibiwa kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza dawa 4 pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Miezi 4 inayofuata ni rifampisini na isoniazidi. Dawa hizi hutolewa bure kwa kazi ya serikali ya kupigana na kifua kikuu. Mbuzi 2 wa mfumu hawakutolewa bure.

Rifampisini inageuza mkojo kuwa mwekundu kama machungwa, na hata machozi. Hiyo si damu, wala si sumu inayotoka. Lakini macho yakiwa ya manjano, au mgonjwa akitapika kila siku, au macho yakishindwa kuona vizuri, arudi upesi kwa munganga.

Moyo ukiwa umekabwa na maji, munganga aliyefundishwa huingiza sindano ndefu katika kifuko, akitazama njia yake kwa ekografi, na kuyatoa. Kijana wetu alitolewa zaidi ya lita 1. Yalikuwa na rangi ya damu. Baba yake alipoona chupa alilia: «Tazameni sumu ile!» Yalikuwa maji ya kifua kikuu; mara nyingi yana rangi hiyo.

Kwa wengine kifuko kinakuwa kigumu hata baada ya dawa. Hapo wapasuaji wa moyo waweza kukibambua, kama mtu anavyobambua ganda. Ni kazi kubwa, na wapasuaji wa namna hiyo ni wachache sana katika Afrika. Kwa hiyo heri kuja mapema kuliko kutafuta mpasuaji.

Tena Waafrika wenyewe wameuchungua ugonjwa huu. Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, aliyekufa mwaka 2018, aliongoza kazi kubwa iliyotolewa mwaka 2014, juu ya wagonjwa 1,400 katika hospitali 19 za inchi 8 za Afrika. Walitaka kujua kama prednisoloni, dawa ya kuzima uvimbe, ikiongezwa juu ya dawa za kifua kikuu, itaokoa watu. Waliona kwamba haikupunguza vifo. Ilipunguza hesabu ya waliopata kifuko kigumu. Lakini kwa wenye virusi vya sida iliongeza hatari ya kansa. Basi hakuna mtu wa kununua prednisoloni sokoni na kumpa ndugu yake. Munganga ndiye apime faida na hatari kwa kila mgonjwa.

Maneno ya wanaobisha

Mtu atasema: «Walipima kifua kikuu katika labo, hawakuona kitu.» Ndugu, katika maji ya kifuko vijidudu ni vichache, vipimo huvikosa mara nyingi. Kipimo kisichoona kitu hakisemi kwamba ugonjwa hakuna. Munganga huunganisha alama zote, kisha aweza kuanza dawa.

Mwingine atasema: «Kwetu hakuna ekografi.» Ni kweli, vituo vingi havina. Lakini shingo iko. Mpigo wa mkono uko. Shika mkono wa mgonjwa, sikia mpigo akivuta pumzi polepole. Ukipotea au kufifia sana kila avutapo, moyo umekabwa na maji. Kwa alama hizo utajua ni nani wa kutumwa leo na ni nani aweza kungoja.

Mwingine atasema: «Tulimpeleka kwanza katika chumba cha maombi.» Kumwombea mgonjwa ni vizuri, nasi twawaombea hospitalini. Lakini kumwombea hakukatazi kumbeba. Ombeni mkiwa njiani.

Na mwingine atasema: «Mimi namjua mtu aliyepona kwa mfumu.» Yawezekana. Nimekwisha kusema kwamba maumivu hupungua maji yanapoongezeka, na kwamba ugonjwa wa virusi mara nyingi hupona wenyewe. Mfumu hupokea mbuzi kwa kazi ambayo mwili uliifanya. Lakini kifua kikuu hakisikii mbuzi.

Mashauri yangu

Kwa jamaa. Mtu akiumwa kifua na kupata nafuu akiinama mbele, mleteni. Homa ikipita majuma 2 hata baada ya dawa ya malaria, mleteni; si kila homa ni malaria. Akishindwa kulala chali, akitoa jasho la baridi, mpigo ukiwa dhaifu na wa haraka, akili zikianza kuchafuka, msingoje asubuhi. Mbebeni ameketi, msimlaze.

Kwa mgonjwa. Miezi 6 ni miezi 6. Baada ya mwezi wa pili utasikia nguvu na kutamani shamba. Vijidudu vilivyobaki vinangojea siku hiyo. Ukiacha dawa, vitarudi, na vyaweza kurudi vimezizoea dawa zako.

Kwa wewe muuguzi mwenzangu. Usitoe maji ya tumbo mara ya pili bila kuuliza yametoka wapi. Tena usimpe dawa ya kukojoza mtu ambaye kifuko chake kimejaa maji na mpigo wake unafifia. Moyo uliokabwa unahitaji damu ya kuujaza, nawe utakuwa ukiipunguza. Mimi niliitoa dawa hiyo kwa mikono yangu. Kijana hakufa, lakini si kwa akili yangu.

Na kwa wazee wa jamaa wanaotaka kujua bado ni nani. Vema. Ulizo lenu lina jibu, lakini si lile mlilodhani. Kifua kikuu hakipiti katika kikombe wala katika pombe. Kinapita katika hewa, toka kwa mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anayekohoa ndani ya nyumba iliyofungwa. Basi ulizeni: katika nyumba hii ni nani anayekohoa zaidi ya majuma 2? Mkimpata, msimfukuze. Mleteni apimwe na kupewa dawa, kabla hajawaambukiza watoto.

Katika jamaa ya kijana wetu tulifanya hivyo. Aliyekuwa akikohoa alikuwa baba mdogo, yule yule aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba ya shangazi. Hakujua kwamba yu mgonjwa. Alidhani ni tumbaku. Alipimwa, akaanza dawa juma lile lile. Hakuna aliyemtaja kuwa mlozi.

Kijana alimaliza miezi yake 6. Tumbo lilirudi polepole, na siku hizi analima, ingawa hapandi mlima kwa haraka kama zamani. Alikwenda yeye mwenyewe kumtafuta shangazi katika kijiji cha ukoo wa mama yake, alikokimbilia. Alimjengea nyumba, mahali pengine, si pale penye nyumba ya kwanza. Shangazi alirudi. Watu wanamsalimu. Lakini nilipopita huko mwaka uliofuata nikaona kwamba kwenye matanga hamimini tena pombe, wala hapiki chakula cha wageni; anaketi pembeni, mikono yake juu ya magoti.

Kwa moyo wa kijana tulikuwa na dawa. Kwa jambo lile la shangazi sikuwa na dawa ya kumpa. Dawa yake ilikuwa ya siku ya kwanza, nayo ilikuwa ndogo sana: mtu mmoja kati yetu aitazame shingo ya mgonjwa kabla ya kunyosha kidole.